Pikapu Iliyopenda Kushoto

Asubuhi ile Milimita alipoiona pikapu ya Mama Mbao ikiingia uwanja wetu wa gereji, aliiacha chai yake ipoe, akajifuta mikono kwenye ovaroli ambayo haikuwa na doa hata moja la mafuta, kisha akaniambia, "Fundi Viti, usafiri wangu huo umefika."

"Ule ni wa yule mama," nikamwambia.

"Kwa sasa," akasema.

Naomba nijitambulishe mapema, msije mkasema nilijificha. Mimi nashona viti vya magari. Kibanda changu na cha Milimita vinagawana ukuta wa bati moja, na kila uongo aliowaambia wateja wake kwa miaka sita nimeusikia nikiwa na sindano mdomoni. Ndiyo maana watu huniuliza: wewe uliyesikia yote hayo, ulinaswaje? Jibu ninalo, ila ni la aibu. Tuanze na aibu ya mwenzangu, yangu itafika tu.

Jina la Milimita lilitokana na jicho lake la kulia. Alidai linaona milimita. Anasimama mbele ya gari lako, anafumba la kushoto, anainama kidogo, anaguna. "Tairi la kulia limetoka nje milimita nne." Utabisha na nini? Nani ana rula ya kupimia jicho la mtu? Na kwa wale wabishi kabisa kulikuwa na mashine ya alaimenti, ya kupimia kama matairi yamekaa sawa.

Ile mashine, Mungu atusamehe sote, ilikuwa televisheni kuukuu, vitochi viwili vya mwanga mwekundu vile ambavyo watoto huchezea paka, waya wa kutosha kufungia ng'ombe watatu, na printa ya risiti iliyotoka kwenye duka la viatu lililofilisika. Kiooni kulikuwa na mistari miwili. Ikiwa ya kijani, gari lako lina afya. Ikiwa myekundu, ingiza mkono mfukoni. Kilichobadilisha rangi ni pedeli iliyofichwa chini ya meza, na mguu wa Milimita. Kisha printa inakoroma, inatoa cheti chenye namba za kutisha, na chini yake, kwa kuwa hakuna aliyejua jinsi ya kuyafuta, maneno haya: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Viatu vipimwe dukani. Wateja walidhani ni lugha ya kitaalamu.

Pedeli hiyo ndiyo iliyomvunjia nyumba. Ilikuwa ya cherehani ya umeme ya mkewe, fundi nguo hodari kuliko wote mtaani kwetu. Siku moja mama wa watu amekaa ashone sare za kwaya nzima, anakanyaga, anakuta anakanyaga sakafu. Akatafuta nyumba nzima, akaja gereji kumuuliza mumewe, akaiona chini ya meza, mguu wa bwana ukiwa juu yake, na mbele ya meza mzee mmoja analia kwa sababu ya mistari myekundu. Hakugomba. Alirudi nyumbani, akafunga nguo zake na cherehani yake, akaenda kwao. Baada ya wiki akatuma ujumbe: atarudi siku mumewe atakapokuja kumchukua kwa gari lake mwenyewe, la kubeba mizigo, gari la kazi ya kueleweka, na pedeli mkononi.

Tangu hapo Milimita aliendelea kutapeli, lakini bila raha. Jioni akifunga kibanda huja kukaa kwenye kiti chochote nilichokuwa nashona na kusema, "Nyumba imekuwa kubwa, Fundi." Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na pazia. Alimpenda sana yule mwanamke, hilo siongezi chumvi. Na baba mkwe alikuwa ameita kikao Jumamosi ya wiki ile. Alisema mkwe akija mikono mitupu tena, basi asihangaike kurudi.

Pikapu ya Mama Mbao iliingia Jumanne. Hesabu mwenyewe siku zilizobaki.

Mama Mbao alikuwa mtu wa makamo, mpole, kitambaa cha kichwani kimejaa vumbi la msumeno. Alishuka polepole. Nilikuwa nimemwona akiingia getini, ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili na kuuvutia kulia utafikiri anaamua ugomvi, nikajisemea, akina mama bwana, nani huwa anawapa leseni? Maneno hayo nimeyameza mara nyingi tangu siku ile, na bado hayashuki.

"Shikamoo mama," Milimita akaanza, sauti ya asali.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Milimita?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimekusikia kwa watu wa nyumbani."

"Chema chajiuza, mama."

"Haya. Mimi ni mjane, nauza mbao, na hii pikapu yangu mbele imelala. Nikipakia mbao, ile njia ya kwenda kwenye misumeno inanikwaruza tumbo. Nataka uninyanyulie mbele vidole viwili, halafu unifanyie alaimenti ya kweli." Akamtazama usoni. "Ya kweli, mwanangu."

Milimita akaizunguka. Bodi nyeupe, safi. Injini inanguruma kwa adabu. Nyuma pana nafasi ya cherehani, kitanda, na mke. Akafumba jicho la kushoto, na lile la kulia halikuona kasoro hata moja, na hapo ndipo mpango ulipomjia mzimamzima. Gari zima, mwenye gari mjane. Akimnyanyulia atapata hela ya wiki. Akimwambia gari limekufa atapata gari.

Akaiingiza hatua ishirini mpaka mbele ya mashine, akawasha vitochi, akakaa mezani. Mguu ukashuka. Kioo kikawa chekundu. Akashika kichwa.

"Mama, kaa kwanza," akasema, akamvutia kiti cha mteja wangu, ambacho gundi yake haikuwa imekauka. "Gari hili limewahi kupata ajali?"

Mama Mbao akashtuka. "Mashine inasema hivyo?"

"Ingekuwa inasema tu, afadhali. Inalia. Mama, chasisi, uti wa mgongo wa gari, imepinda, upande wa kushoto, mbele. Tairi la kushoto limerudi nyuma vidole vitatu. Unaona huu mstari? Basi ndiyo huo. Ukilinyanyua hili, unalimalizia. Na alaimenti? Hakuna alaimenti chini ya jua itakayoshika hapa. Atakayekuambia itashika, mkimbie, huyo tapeli."

Hayo yote aliyatoa kichwani, palepale, bila kupumua. Kwa nini vidole vitatu? Nilimuuliza baadaye, akasema viwili vingeonekana vichache na vinne vingeonekana uongo.

Mama Mbao akaushika mkono wa Milimita kwa mikono yake miwili, na nilipochungulia kwenye tundu la bati niliona macho yake yamelowa.

"Umeniambia yote haya bila kunificha, mwanangu?"

"Mama, ningeweza kula pesa yako. Lakini nitalala vipi?"

"Sasa nani atalinunua?"

Milimita akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayeenda kujitoa sadaka. "Nitalichukua mimi. Kwa hasara yangu. Nitauza vipuri kimoja kimoja."

"Wewe? Na unajua yote hayo?"

"Najua yote hayo."

"Basi niandikie, kwamba unajua. Nisije nikaonekana nimemficha mtu kitu."

Jamani, mteja gani huyo! Milimita alikuwa karibu kucheka. Printa ikakoroma, cheti kikatoka: chasisi, kushoto, vidole vitatu, haitashika. Akasaini, akagonga muhuri. Mama Mbao akakikunja mara nne na kukitia kwenye mkoba wake. Akataja bei, na ilikuwa bei ya gari lililokufa kweli, lakini hata hiyo akiba ya Milimita iliifikia nusu tu.

Ndipo Milimita alipochungulia kwenye lile tundu la bati, jicho lake na langu yakakutana.

"Fundi Viti. Nusu kwa nusu. Jumamosi ni langu, wiki ijayo tunabeba mizigo ya watu, tunagawana."

Nilikuwa na akiba ya kununulia cherehani mpya ya ngozi. Nimeiweka miaka miwili. Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi, maana sijawahi kuiona ikifanya kazi haraka hivyo. Nilikuwa nimeusikia uongo ule ukitengenezwa, kuanzia neno la kwanza hadi muhuri. Nilijua kwa hakika kwamba ni uongo. Kwa hiyo nilijua kwa hakika kwamba gari ni zima. Mtu wa kawaida, asiyejua siri ya pedeli, angesikia "chasisi imepinda" akaogopa na kwenda zake. Sisi wajuzi tulilipa. Watu wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia. Sisi tulionyeshwa mbuzi, tukaambiwa mbuzi huyu anaumwa, tukaandika wenyewe kwamba anaumwa, tukagonga muhuri.

"Tusilijaribu kwanza barabarani?" nilimuuliza, hilo angalau nilifanya.

"Kulijaribu la nini? Ugonjwa wake nimeutunga mwenyewe."

Mama Mbao akaondoka kwa miguu, pesa kwenye mkoba, akimwombea Milimita kila baraka.

Siku mbili zilizofuata tuliinyanyua mbele. Milimita alitaka pua iwe juu, maana ukweni, alisema, si mahali pa kufika umeinamisha kichwa. Msidhani hakuwa anajua kazi kabisa, ujuzi kidogo alikuwa nao, aliuzoea tu uvivu. Chini ya pikapu za namna ile kuna vyuma viwili virefu vinavyojisokota kubeba uzito wa mbele, na kila kimoja kina boliti yake. Ukikaza boliti, chuma kinakaza, pua inapanda. Mama Mbao aliomba vidole viwili. Milimita alikaza vinne.

Tulipoishusha kwenye jeki tulisimama kuitazama. Pua ilikuwa juu kweli. Lakini matairi ya mbele yalikuwa yamelalia nje, kila moja linatazama kwake, kama mke na mume waliogombana. Tukaingia barabarani. Hatukufika mbali, gari likataka kuingia kwenye duka la dawa, upande wa kushoto. Milimita akalirudisha. Likataka kuingia kwa kinyozi, kushoto.

"Ni kawaida," akasema, jasho likimtoka. "Gari lolote ukilinyanyua linataka alaimenti."

Na hilo, wasomaji wangu, ni kweli tupu. Muulize fundi yeyote. Tatizo ni kwamba mtaani kwetu kulikuwa na mashine mbili tu za alaimenti, na moja ilikuwa televisheni.

Ya pili ilikuwa ya Mzee wa Shimo. Alifanya kazi ndani ya shimo lake la zege siku nzima, na kwa miaka sita Milimita alikuwa akiwaambia wateja kwamba yule mzee haoni vizuri na kwamba shimo lina nyoka. Jumamosi asubuhi, akiwa amevaa shati lake la kikao, alipaki mbele ya shimo lile. Mzee akatoa kichwa, akavua miwani, akaifuta.

"Milimita! Mashine yako imeharibika?"

"Iko likizo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akaitazama pikapu. Akaizunguka. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Kumbe imekuja kwako!"

Hatukumwelewa. Akaingia kazini. Kwanza aliteremsha pua mpaka vidole viwili, akimkemea Milimita muda wote. "Gari unalinyanyua lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Wewe umelikaza mpaka viungo vimefika mwisho. Ukigonga shimo moja, vinachomoka." Kisha akafunga vipimo vyake kwenye kila tairi, akaingia shimoni, tukasikia spana zikilia. Alitoka baada ya muda mrefu.

"Haya. Tairi lina kulala kwake na lina kuelekea kwake. Hayo mawili nimekurekebishia, kadiri boliti zilivyoniruhusu. La tatu ni lile linapokaa, mbele au nyuma. Hilo si la spana. Njoo uone."

Akachukua uzi. Akapima kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, upande wa kulia, akafunga fundo. Akahamia kushoto, akapima vilevile. Uzi ukabaki. Akaweka vidole vyake kwenye kile kipande kilichobaki, polepole, kimoja, viwili, vitatu.

"Vidole vitatu," Milimita akanong'ona.

"Vitatu kamili. Chasisi imepinda kushoto, iligongwa. Nilimwambia yule mama wa mbao mwezi uliopita, amesimama hapohapo uliposimama. Nikamwambia asihangaike, alaimenti haitashika. Hata kuiuza hataweza, mafundi wote wa mjini wanaijua. Kumbe hukuwa umesikia?"

Angesikia vipi? Hakuna fundi aliyekuwa anamsalimia.

Tulikaa ukingoni mwa lile shimo, miguu inaning'inia. Nikasema, "Kila ulichomwambia yule mama kilikuwa kweli."

"Nyamaza."

"Hata vidole."

"Nimesema nyamaza, Fundi." Akashika kichwa, safari hii bila maigizo. "Nimesema uongo miaka sita, tumbo limejaa. Nimesema kweli siku moja, nimefilisika."

"Tumrudishie?"

"Nimeandika mwenyewe kwamba najua. Kwa muhuri wangu."

"Na chini pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

"Na viatu vipimwe dukani," akasema, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza maana ya maneno yale. Kisha hasira ikampanda. "Yule bibi ni mwizi! Ananilia machozi, ananishika mkono, kumbe anajua! Watu wa namna ile ndio wanaotuharibia jina. Nitamtafuta, Fundi. Nikitoka ukweni tu, nitamtafuta."

Ilikuwa saa sita mchana na kikao kilikuwa saa nane. Pikapu ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa yake, na ilikuwa inatembea. Tukaenda. Njia nzima aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili na kuuvutia kulia, na mimi nikatazama nje, maana niliikumbuka vizuri ile mikono ya Mama Mbao getini.

Nyumba ya baba mkwe ilikuwa na sebule ya kiheshima: kabati la vioo, saa ya ukutani, makochi yenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Tulivua viatu mlangoni. Baba mkwe alikuwa kwenye kochi lake, mrefu, uso umefungwa. Mama mkwe pembeni. Na kwenye kochi refu, kitambaa kipya kichwani, alikuwa amekaa Mama Mbao.

Nilihisi Milimita akinishika kiwiko.

"Karibu, mkwe," baba mkwe akasema. "Huyu hujamfahamu. Ni mdogo wake mama mkwe wako. Siku ya harusi yenu alikuwa mbali, anamuuguza mumewe, Mungu amrehemu. Sasa amerudi kwetu."

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tumeshaonana."

Milimita aliutazama mlango. Mimi niliutazama kabla yake, lakini viatu vyangu vilikuwa chini ya vyake. Basi tukakaa, tukaletewa maji, na nikamsikia mtu ambaye kwa miaka sita hakuwahi kukosea neno mbele ya polisi akimshukuru aliyeleta glasi mara tatu. Mtu amekwenda kumlalia mjane, kumbe ni mama mkwe wake. Hapo hakuna mke tena. Nilimwonea huruma, na katikati ya huruma hiyo nikajionea na mimi kidogo.

Baba mkwe akakohoa. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mimi nilisema kijana huyu ni tapeli. Nilisema mara ngapi, mama?"

"Kila siku," mama mkwe akajibu.

"Shemeji yangu hapa akasema, msihukumu mtu kwa kusikia. Gari langu bovu, ubovu wake naujua, nitampelekea. Kama ni tapeli atalinyanyua, atachukua pesa, ataniambia limepona. Kama ni mkweli, ataniambia kweli." Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Chasisi imepinda, kushoto, mbele. Vidole vitatu. Alaimenti haitashika." Akaishusha karatasi, na yule mzee mkali, nawaapia, midomo ilikuwa inamcheza. "Vilevile alivyosema yule mtaalamu wa shimo. Kidole kwa kidole! Na juu ya hayo akalinunua yeye mwenyewe, amtue mjane mzigo. Mwanangu, nilikukosea. Mbele ya watu hawa nakuomba radhi."

Mama mkwe akapiga kigelegele.

Nilimwona Milimita akipima. Akisema alitapeliwa, itabidi aseme kwanza kwamba alitapeli. Akitaka pesa yake, anampoteza mke. Akitaka mke, ni lazima abaki mkweli, na ukweli wenyewe ni uongo.

"Ni... ni wajibu tu, baba," akasema.

Maji yalinipalia.

"Na huyu?" baba mkwe akauliza, macho kwangu.

"Rafiki yangu. Naye alichangia nusu. Kwa huruma."

"Mungu akuzidishie."

"Amina," nikasema. Ningesema nini? Miaka miwili ya akiba yangu ilikuwa imegeuka sadaka, na watu walikuwa wananitazama kwa upendo.

"Sasa," baba mkwe akaendelea, amechangamka, "nimewaambia ndugu. Kaka yangu ana lori, jirani ana magari mawili, mwalimu wa kwaya ana moja. Jumatatu wote wanakuja kwenye mashine yako. Bure, bila shaka, wewe ni mtoto wa nyumbani."

Hapo mkewe akatokea mlangoni, begi mkononi. Alikuwa amekonda kidogo. Milimita akasimama, akasahau hata glasi, maji yakamwagikia kitambaa cha kufuma.

"Pedeli yangu," akasema mke.

Milimita akaitoa kwenye mfuko wa plastiki, waya wake umezungushwa vizuri. Mkewe akaipokea, akaigeuza, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Mimi nikaitazama saa ya ukutani.

Mama Mbao yeye alikuwa anatazama dirishani, ametulia. Wanasema ana moyo mweupe, na kwamba kweli aliamini amepata mkwe mwadilifu. Inawezekana. Ila pesa yetu hakuirudisha, na tulipoaga alinipa mkono na kuniambia, "Ahsante sana kwa huruma yako, baba," na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Nilipanda nyuma, pamoja na cherehani, begi na mito miwili. Dirisha la nyuma la pikapu halikuwa na kioo, kasoro pekee ambayo Milimita hakuitaja kwenye cheti, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Gari likivuta kushoto, Milimita analirudisha.

"Sema," mkewe akasema.

"Niseme nini?"

"Baba amekuomba radhi leo. Sijawahi kumsikia akimwomba radhi mtu, hata mama. Sema."

Nilishika cherehani kwa nguvu. Niliwaza, mwenzangu, hapa danganya, umezaliwa kwa ajili ya siku hii.

"Niliyatunga," Milimita akasema. Sauti yake haikuwa na asali hata tone. "Chasisi, ajali, vidole, yote niliyatunga. Nilidhani gari ni zima. Nilitaka kumlalia yule mama ili nipate la kukufuatia. Sikujua ni wenu. Hata kama si wenu, nilikuwa nalia kwa kukukosa, halafu nikaenda kumliza mtu mwingine. Ndivyo nilivyo. Kama unashuka, nitasimamisha."

Nikasubiri breki. Badala yake nikasikia kicheko, kidogo, cha puani.

"Najua," mkewe akasema. "Mama mdogo alipotusimulia, baba alimshukuru Mungu, mama akapiga vigelegele, mimi nikakimbilia jikoni, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikasema, mume wangu ameiba tena, na safari hii amejiibia mwenyewe."

"Sasa mbona umepanda?"

"Mtu anayeweza kujiibia kiasi hiki haachwi peke yake. Na nimekukumbuka, mjinga wewe. Jumatatu utawaambia nini hao wenye magari?"

"Kwamba mashine imekufa."

"Utawaambia nini?"

Akafikiri. "Kwamba ilikuwa televisheni. Halafu nitawapeleka kwa Mzee wa Shimo, nimwombe kazi ya kumshikia uzi."

"Vizuri. Na hili tutabebea mbao za mama mdogo, polepole, mpaka chasisi ipate mnyooshaji."

Nikaona wanagawana dunia na mimi nimekaa juu ya mito. Nikaingiza kichwa dirishani. "Samahani, shemeji. Na nusu yangu?"

"Nusu gani, shemeji?"

"Ya gari. Nusu ya gari hili ni yangu."

Akageuka, akanitazama kwa upole kabisa. "Chagua upande," akasema.

Nikachagua wa kulia. Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka Milimita akaachia usukani, na gari likapata nafasi yake, likatupeleka kushoto.